Boti Iliyopigishwa Magoti

Tangu siku ile ya Eldas, Kerrow hakuinua kitu kizito kuliko birika la chai. Watu wa mtaa wa Iftin, Garissa, walimjua kama fundi wa redio na feni za mezani, mwanamume wa miaka hamsini na kitu mwenye miwani iliyofungwa uzi, na wageni wa mtaa hawakuamini walipoambiwa kwamba mikono hiyohiyo iliwahi kung'oa pampu za visima kutoka mita mia mbili chini ya ardhi ya Wajir. Yeye mwenyewe hakuwasaidia kuamini. Ukimtajia visima, alikuuliza feni yako ina tatizo gani.

Kilichotokea Eldas, huko Wajir, ni hiki. Walikuwa wakitoa pampu, na Kerrow ndiye aliyechagua miguu mitatu ya mabomba ya kuinulia. Aliitazama kwa jicho lake, akasema inatosha. Haikutosha. Mguu mmoja ulipinda, bomba lililojaa maji likaanguka na kuvunja paja la Gelle, rafiki yake tangu chuo cha Kurani na mwenzake wa kazi kwa miaka kumi na tisa. Wazee wa koo zote mbili walikaa, wakazungumza, ngamia wa fidia wakatoka upande huu wakaenda upande ule, Fatiha ikasomwa, jambo likafungwa. Na jambo lililofungwa hivyo halitajwi tena, maana kulitaja ni kuwavunjia heshima waliolimaliza.

Kerrow alijificha ndani ya heshima hiyo, na alijua kwamba anajificha. Kwa miaka mitatu alikutana na Gelle mlangoni pa msikiti, wakaulizana habari za watoto na mifugo kwa adabu kama maafisa wawili wa serikali, kisha kila mmoja akashika njia yake, mmoja akichechemea. Hofu ya Kerrow ilikuwa moja tu: kwamba siku moja atasema tena "inatosha," na mtu awe chini.

Basi dada yake mdogo, Deka, alipoingia kibandani asubuhi moja na vumbi la soko la mifugo kwenye pindo la baibui, Kerrow alijua amekuja na neno.

"Aboowe, kaka yangu, acha hiyo feni," alisema. "Twende ukatutolee injini ya boti."

"Mimi sitoi injini."

"Haya. Basi nitawaita wale vijana wa gereji. Wale hawapimi kitu, wanavuta tu. Wakiumia, wallahi nitakuja kukaa hapahapa nikutazame."

Deka alikuwa dalali wa ng'ombe, na alijua mahali pa kumshika mtu. Kerrow alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akafunga kibanda.

Boti yenyewe ilikuwa na kisa chake. Mwaka juzi mto ulipofurika na barabara ya ng'ambo kukatika, Deka na wanawake wenzake wa kikundi walinunua boti kuukuu ya mbio kutoka pwani, ikaja Garissa juu ya lori huku watu wakicheka mpaka wakakaa chini. Kicheko kilikoma siku ya tatu, boti ilipovusha mama mwenye uchungu wa kuzaa, magunia ya unga na mbuzi arobaini. Baadaye maji yaliingia kwenye injini, ikakwama. Walikokota boti hadi kwenye banda la zamani la kupakia ndizi, kando ya mto, na furiko lilipopungua likaiacha humohumo, imekaa juu ya mchanga na tope lililokauka, chini ya paa la bati na boriti nene za chuma. Sasa mvua za Gu, zile za masika, zilikuwa zimebakiza wiki tatu, na fundi wa karakana alikuwa amesema ataifungua injini ikiletwa mezani kwake tu.

Kerrow alisimama mlangoni akatazama. Mwanga wa mto ulikuwa ukicheza kwenye bati kwa juu, ukitiririka polepole kutoka boriti hadi boriti, na nguzo zote zilikuwa na mstari mmoja wa tope palepale maji yalipofika, juu kidogo ya kichwa cha mtu. Ilimjia hisia kwamba amesimama chini ya maji, na kwamba boti ile nyeupe ingeweza kuondoka wakati wowote ikitaka. Korongo wawili wakubwa walikuwa wamesimama nje na mabega yao yaliyoinama, wakingoja kitu ambacho hakuna aliyekijua. Palikuwa na utulivu wa kumlaza mtu.

"Huyu ni kilo mia mbili na sabini," Deka alisema, akiitazama injini ndani ya tumbo la boti kama anavyotazama fahali sokoni. "Sana sana mia tatu. Mgongo mfupi."

Kwa ng'ombe, Deka hakosei zaidi ya kilo tano. Kerrow alipanda kwa uangalifu, akafuta kibati kilichopigiliwa ubavuni, akasoma.

"Mia tano na ishirini."

"Haiwezekani. Kimo hiki?"

"Chuma hakina utumbo, abaayo, dada yangu."

Deka alikasirika kweli, kama aliyeuziwa mnyama mgonjwa. Lakini Kerrow ndiye aliyetokwa na jasho, kwa sababu na yeye, kabla ya kusoma, moyoni alikuwa amesema mia nne.

Siku mbili zilizofuata alizunguka mji akitazama vitu vya kuinulia, akarudi kila mara mikono mitupu. Palikuwa na kreni ya lori iliyokuja kwa ajili ya nguzo za umeme. Dereva wake, Mkamba mcheshi, alifika bandani, akatazama paa, akatazama tope, akasema, "Mzee, mimi niondoe bati zote hizi, halafu nizame hapo, halafu nani atanitoa mimi?" Gereji moja ilikuwa na winchi ya magurudumu ya kutolea injini za magari. Ni nzuri kwenye sakafu ya saruji, ila mkono wake ni mfupi, haufiki katikati ya boti, na magurudumu yake madogo yangezama kabla ya kubeba hata birika. Deka alisema kuna miguu mitatu ya mabomba kwa rafiki yake wa visima. Kerrow alikwenda mtoni kutawadha ingawa muda wa sala ulikuwa bado.

Kilichobaki kilikuwa winchi ya mnyororo, ile ambayo mafundi huiita cheni-bloki, kufungwa kwenye boriti ya banda. Boriti alizipanda, akazigonga, akasikiliza, akapima unene kwa kamba. Zilikuwa za kubebea mizigo ya tani nyingi, na hazikuwa na kutu ya ndani. Alichukua winchi ya tani mbili dukani na kupitisha kila pete ya mnyororo baina ya vidole vyake, moja moja, muuza duka akamwambia hii si tasbihi. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa kimo. Ukitoa urefu wa winchi, na ndoano yake, na mikanda ya kushikilia, nafasi iliyobaki hadi kwenye boriti haikutosha. Injini ingepanda, lakini sehemu yake ya chini ingepungukiwa mkono mmoja kuvuka ukingo wa boti. Alipima mara saba. Mara zote saba ulipungua mkono mmoja.

Baada ya adhuhuri alijilaza kwenye mkeka bandani, bati likilia kwa joto, na usingizi ukamchukua katikati ya hesabu. Aliiona injini ikipanda yenyewe. Ilipanda bila mnyororo, taratibu, mafuta yakidondoka kutoka kwake na kugeuka maziwa, ikapita kwenye boriti kana kwamba ni kivuli cha boriti, na watu wote aliowahi kufanya nao kazi walikuwa wamekaa chini yake wakila anjera, wakizungumza, bila mmoja wao kuangalia juu. Kerrow alitaka kuwaambia wasogee. Mdomo wake ulijaa mchanga. Akaamka akikohoa, akaona kuna mtu amekaa kwenye gunia, mguu mmoja amenyoosha mbele.

"Asalaam aleikum," Gelle alisema.

"Waaleikum salaam. Habari za watoto?"

"Alhamdulillahi."

"Na mifugo?"

"Nzuri."

Hapo ndipo huwa mwisho wa mazungumzo yao. Lakini Gelle hakuondoka. Siku hizi aliuza majani ya mifugo kando ya barabara, na Deka, mnunuzi wake mkubwa, alikuwa amemweleza kila kitu, bila shaka makusudi. Gelle alitazama boti, akatazama winchi iliyoning'inia, akapima pengo kwa jicho.

"Imepungua mkono mmoja," alisema.

"Imepungua."

"Na wewe unatafuta namna ya kuipandisha zaidi."

"Sasa nifanye nini?"

Gelle alikwaruza tope kwa kidole. "Kerrow, wewe ni mtoto wa mwenye ngamia. Ni nani uliyemwona akimpakia ngamia aliyesimama?"

Mwanga ulikuwa ukipita juu ya bati. Kerrow aliona nyumba nzima ya mama yake, nguzo zilizopindwa na mikeka na vyungu, vimewekwa chini alfajiri ya kuhama, na ngamia akishuka kwa manung'uniko mpaka mgongo wake ukalingana na mikono ya wanawake. Hakuna aliyeinua kitu juu ya kiuno chake. Mzigo haukwenda kwa ngamia. Ngamia ndiye aliyeufuata mzigo.

"Boti imekaa juu ya mchanga," Kerrow alisema polepole.

"Imekaa juu ya mchanga," Gelle alikubali.

Kesho yake asubuhi wakaja wanawake wa kikundi na sepeto na mabeseni, Timiro mwenye sauti kubwa akiwaongoza. Kazi ilikuwa hivi: injini ifunguliwe, ishikwe na mnyororo pale ilipo, ipandishwe upana wa kidole tu. Kisha boti ndiyo ichimbiwe chini, ishuke iiache injini hewani. Ukingo ukiwa chini ya injini, mbao mbili nene zilazwe juu yake kutoka upande hadi upande, injini iketishwe pale, iviringishwe juu ya mabomba hadi kwenye pikapu. Hakuna mtu atakayepita chini ya kitu kinachoning'inia. Kerrow alilirudia hilo mara nyingi mpaka Deka akamwambia wamesikia.

Gelle alikuwa amevaa nguo za kazi, zile za zamani. Kerrow aliziona akamwendea.

"Wewe kaa kule," alimwambia, akimwonyesha gunia lililokuwa mbali karibu na nguzo ya mwisho. "Upumzike."

Gelle alimtazama kidogo. Kisha akaenda akakaa kule.

Kerrow alifungua nati zote mwenyewe, akapitisha mikanda mwenyewe, akashika mnyororo mwenyewe. Kila pete ilipopita alisikia mlio wake mdogo wa meno, na injini ikaachana na kitanda chake upana wa kidole. Wanawake walianza kuchimba kuanzia mbele. Hapakuwa na aliyewaambia waanzie mbele, na hapakuwa na aliyeuliza, hata Kerrow, kwa sababu wote waliokuwa pale walikuwa wameona ngamia akikaa tangu wangali migongoni mwa mama zao, na ngamia huanza kwa magoti ya mbele. Timiro aliipigapiga boti ubavuni. "Tuu! Tuu!" alisema, kama amwambiavyo ngamia akae, na wenzake wakacheka, wakaitikia, mchanga ukatoka kwa mabeseni, na boti ikaanza kuinamisha pua yake taratibu, kwa utii, ikiguna. Kerrow aliona ni jambo zuri kuliko yote aliyowahi kuyaona. Alijisahau kabisa.

Lakini ngamia ana kiungo katikati, na boti haina. Pua iliposhuka, nyuma ikapanda, na nyuma ndiko injini ilikokuwa. Kitanda kikainuka kikaigusa kwa chini, kikaibeba kwa upande mmoja, na ule mnyororo uliokuwa umekaza ukalegea mkononi mwa Kerrow. Injini ikajiegemeza. Ikateleza nusu shubiri kuelekea mbele na mguu wake mmoja ukanasa nyuma ya ubao.

"Ondokeni!" Kerrow alipiga kelele. "Tokeni wote!"

Wakatoka. Sepeto zikabaki zimesimama mchangani. Kerrow alibaki ameushika mnyororo kwa mikono miwili, mnyororo usiokuwa na uzito wowote, na vidole vyake vikakataa kufanya lolote. Alisikia pampu ya shamba la jirani ikinguruma mbali. Alikuwa Eldas tena, jua lilelile, na mguu wa bomba ulikuwa ukipinda polepole mno, ana muda wote wa kuuona.

"Vuta uondoe ulegevu," sauti ilisema karibu naye. "Pete tatu tu. Halafu tuchimbe nyuma."

Gelle alikuwa amesimama kwenye ukingo wa boti.

"Nimesema ukae kule!"

"Nimekaa."

"Gelle, toka hapo. Nakuomba. Mguu wako..."

"Mguu wangu umefanya nini?" Gelle aliuliza, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu adabu ilitoka sautini mwake. "Sema. Wazee hawapo hapa."

Kerrow aliutazama mnyororo mikononi mwake.

"Mguu ulivunjika siku moja," Gelle alisema. "Siku moja, Kerrow. Hospitali wakaufunga, ukashikana, nikatembea. Wewe uliniacha miaka mitatu. Ulifunga kazi, ukaenda kukaa na feni, hukuniuliza. Mimi ni fundi wa visima, ninauza majani. Kila asubuhi niliamka nikingoja uje uniite. Nilisema labda baada ya Ramadhani. Nikasema labda baada ya mvua. Halafu leo umekuja kunionyesha gunia."

Deka na wenzake walikuwa nje wakitazama mto kwa bidii kubwa. Kerrow alilia, na hakuwa na mkono wa kujifutia, kwa sababu yote miwili ilikuwa kwenye mnyororo. Alikuwa amedhani miaka yote ile kwamba anamlinda mtu huyu. Aliona aibu, aibu iliyomshika mwili mzima, na chini ya aibu palikuwa na kitu chepesi ambacho hakukijua jina.

Akautazama ule mguu wa injini ulionasa. Ilikuwa lazima mtu aingie ndani ya boti na mtaimbo, ajilaze ubavuni mwa injini, aubandue mguu ule huku mtu mwingine akivuta mnyororo kwa juu, pete moja moja, kwa mkono unaosikia. Ile kanuni aliyoirudia asubuhi nzima haikuwa na faida tena. Mmoja angekuwa chini.

"Njoo," alisema.

Gelle akaja. Kerrow akaufungua mkono wake wa kulia kutoka kwenye mnyororo, kidole baada ya kidole, kisha wa kushoto, akauweka mnyororo kwenye viganja vya Gelle. Akachukua mtaimbo, akapanda botini, akalala chali mahali palipokuwa na unyevu na harufu ya dizeli, bega lake likiwa chini ya kilo mia tano na ishirini za chuma.

"Hujaniuliza kama mkono wangu bado uko sawa," Gelle alisema kutoka juu.

"Sikuulizi."

"Bismillahi, basi."

Mlio mmoja wa meno. Kerrow akasukuma. Nje, Timiro na wenzake walirudi kimya kimya na kuanza kuchimba nyuma, na safari hii hakuna aliyeiita boti ngamia. Mlio mwingine. Kutoka alipolala aliona chuma, na juu ya chuma mnyororo, na juu ya mnyororo ule mwanga wa maji ukitiririka kwenye bati, na alishangaa kwamba haogopi, au kwamba anaogopa na bado anaweza kuona uzuri. Mguu ukabanduka. Boti ikashuka chini yake, nyuma ikilingana na mbele, sentimita kwa sentimita, ikimbeba naye, na injini ikabaki palepale ilipo, peke yake hewani, ikienda mbali na uso wake bila kusogea hata kidogo.

Ukingo ulipopita chini ya injini, Deka alipiga vigelegele. Mbao zikalazwa, mabomba yakawekwa, na kabla ya alasiri injini ilikuwa juu ya pikapu imefungwa kamba, Deka ameketi kando yake kwenda nayo karakana, akiitazama kwa chuki kidogo kwa sababu ya zile kilo.

Pikapu ilipoondoka, wanaume wawili walibaki wakikunja mikanda. Walikuwa wamepakaa mafuta hadi viwikoni. Gelle aliuzungusha mnyororo vizuri ndani ya gunia, kama alivyofanya kwa miaka kumi na tisa, akalifunga mdomo.

"Kesho saa ngapi?" aliuliza.

Hapakuwa na kazi yoyote kesho yake. Hapakuwa na kisima, wala boti, wala mtu aliyewaita, na wote wawili walilijua hilo.

"Saa kumi na mbili," Kerrow alisema. "Usichelewe."